Kwasa Kwasa ya Cape Cod: Walibishania Wizi, Gitaa Hawakulisikia

Kila baada ya muda mjadala wa Vampire Weekend unafufuliwa, na kila ukifufuliwa unarudi na nguo zile zile. Upande mmoja unasema: vijana wanne wa chuo cha kitajiri cha New York waliiba muziki wa Afrika. Upande wa pili unajibu: hawakuiba, waliuenzi, na muziki hauna mipaka. Nimeusoma ubishi huu kwa Kiingereza mpaka nimechoka, na siku hizi nausoma hata kwa Kiswahili, kwa vijana wetu wanaoandika vizuri tu kuhusu vitabu na muziki. Ninachotaka kusema ni kifupi. Pande zote mbili zinabishania jambo ambalo halimlazimishi mtu kuisikiliza albamu. Zinabishania masweta, shule na rangi za ngozi. Gitaa, ambalo ndilo lililozua ugomvi wenyewe, halikupata wakili wala shahidi.

Kwa wasioifahamu, bendi ilianza mwaka 2006 pale Columbia University. Ezra Koenig anaimba na kupiga gitaa, Rostam Batmanglij, aliyeondoka kwenye bendi mwaka 2016, alikuwa akipiga kinanda na gitaa na ndiye aliyekuwa prodyuza, Chris Baio yuko kwenye besi, Chris Tomson kwenye drams. Albamu yao ya kwanza, iliyobeba jina la bendi, haikurekodiwa kwenye studio ya kifahari. Vipande vingine vilirekodiwa kwenye vyumba walivyokuwa wakiishi, vingine kwenye banda la familia ya Tomson, vingine kwenye studio ndogo Brooklyn. Koenig alikuwa amemaliza chuo na anafundisha Kiingereza katika shule moja ya Brooklyn. Mwaka 2007 CD yao yenye nyimbo tatu ilianza kusambaa, watu wakaichangamkia, XL Recordings ya London ikawasaini, na Januari 2008 albamu ikatoka: nyimbo 11, dakika 34 hivi. Jarida la Spin lilikuwa limeshawapiga picha ya jalada kabla hata albamu haijafika dukani. Ikashika nafasi ya 17 Marekani na ya 15 Uingereza. Miaka miwili baadaye albamu yao ya pili, Contra, ikaingia moja kwa moja namba moja Marekani, jambo ambalo si la kawaida kwa bendi ya kampuni huru.

Kilichowashtua watu ni sauti ya gitaa. Roki ya indi ya miaka ile ilikuwa bado inapenda gitaa lenye kukwaruza, gitaa lililofunikwa kelele kama redio iliyokosa mawimbi. Koenig akaja na gitaa safi kabisa, nyuzi za juu, noti moja moja, zinaruka. Batmanglij akaongeza vinanda vya zamani na fidla zinazokumbusha ukumbi wa muziki wa Kizungu wa karne ya 18, kama kwenye "M79", wimbo uliochukua jina la basi linalokatisha Manhattan. Na katikati ya albamu wakaweka wimbo wanaouita "Cape Cod Kwassa Kwassa". Cape Cod ni rasi ya Massachusetts ambako Wamarekani wenye uwezo huenda kupunga upepo wakati wa kiangazi. Kwasa kwasa, msomaji wangu, huhitaji mimi nikwambie ni nini. Kama uliwahi kuhudhuria harusi yoyote Dar, Nairobi au Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kiuno chako kinajua.

Ugomvi ulianza hapo, tena uliikuta nyumba imeshaandaliwa. Oktoba 2007, miezi mitatu tu kabla albamu haijatoka, mhakiki Sasha Frere-Jones alichapisha katika The New Yorker makala iliyowakera wengi. Alilalamika kwamba roki ya indi imekuwa nyeupe mno, imepoteza mdundo na jasho la muziki wa Wamarekani weusi. Wakati watu bado wanarushiana maneno juu ya makala hiyo, wakatokea vijana hawa na mdundo wa Kongo. Jamani! Wasipochukua wanaambiwa wamekauka, wakichukua wanaambiwa wezi. Siwaonei huruma sana, kwa sababu bendi yenyewe ilijitafutia balaa. Ilipoulizwa muziki wake ni wa aina gani, ilijiita "Upper West Side Soweto". Ulikuwa utani. Lakini utani huo uliandika anwani isiyo sahihi kwenye bahasha, na wahakiki wote wakaipeleka barua huko huko.

Soweto iko Johannesburg. Kwasa kwasa ilizaliwa Kinshasa katika miaka ya 1980. Kati ya miji hiyo miwili kuna zaidi ya kilomita 2,500, umbali usiopungua ule wa London hadi Moscow. Hakuna mhariri wa London ambaye angemwacha mwandishi wake auchanganye muziki wa Urusi na ule wa Uingereza eti kwa sababu yote inatoka Ulaya. Ila ya kwetu inachanganyika. Basi tahakiki karibu zote nilizozisoma zilikimbilia Graceland ya Paul Simon ya mwaka 1986. Ukiuliza kwa nini Graceland, jibu ni kwamba ndiyo albamu ya "Kiafrika" waliyokuwa nayo nyumbani kwa wazazi wao. Graceland ilijengwa hasa juu ya mbaqanga na muziki mwingine wa Afrika Kusini, na watu walioupiga wanajulikana kwa majina: Ray Phiri kwenye gitaa, Bakithi Kumalo kwenye besi, Isaac Mtshali kwenye drams, Ladysmith Black Mambazo kwenye sauti. Simon alisemwa sana kwa kwenda Johannesburg wakati dunia imewawekea makaburu vikwazo vya kitamaduni, na alistahili kuulizwa. Lakini hata aliyemchukia Simon aliondoka na jina la Ray Phiri mdomoni. Ugomvi wa Vampire Weekend ulipokwisha, watu waliondoka na jina la nani? La Paul Simon.

Naomba tukae kidogo kwenye jina lililopaswa kutajwa, kwa sababu sehemu hii ndiyo iliyorukwa.

Kanda Bongo Man aliondoka Zaire akahamia Paris mwaka 1979. Mwaka 1981 akatoa Iyole, akiwa na kijana kwenye gitaa la solo aitwaye Diblo Dibala, ambaye baadaye mashabiki walimbandika jina la "Machine Gun" kwa kasi ya vidole vyake. Alichofanya Kanda kilikuwa mapinduzi, ingawa kilionekana kama biashara tu. Rumba ya Kikongo ilikuwa na desturi yake: unaanza polepole, mwimbaji anasimulia mapenzi yake na machozi yake, waimbaji wenzake wanaitikia, na baada ya dakika kadhaa ndipo magitaa yanafunguliwa, kinaanza kile kipande cha kuchezea kinachoitwa sebene. Kanda akaona kule Paris watu hawana subira ya machozi ya Kilingala wasiyoyaelewa. Akafupisha masimulizi, akaingia kwenye sebene mapema, mara nyingine karibu tangu mwanzo. Huo ndio mwendo uliokuja kuchezwa kwasa kwasa, na ndio uliovuka mipaka hata Botswana wakaufanya wao, mpaka leo wana bendi zao na wanauita kwa jina hilo hilo.

Na sebene si "ladha". Ni kazi yenye mgawanyo. Gitaa la ridhimu linazungusha kodi zile zile bila kuchoka. Gitaa la kati, ambalo Wakongo huliita mi-solo, linapita katikati ya nafasi zilizoachwa, halipandi sana wala halishuki sana. Solo linachukua kifungu kifupi, noti chache tu, linakirudia mara nane, mara kumi na sita, na wakati mchezaji ameshakizoea linageuza noti moja. Moja tu! Kiuno kinasikia kabla ya sikio. Besi nayo haijazi kila pengo. Inaruka, inaacha shimo, inarudi. Anayedhani hayo ni marudio ya kivivu hajawahi kusimama karibu na spika. Diblo alikuwa bingwa wa mabadiliko hayo madogo. Baadaye alikwenda kuunda Loketo pamoja na Aurlus Mabélé, na nyimbo za Loketo zilipigwa huku kwetu mpaka kanda zikakatika.

Sasa mtu amesikia wimbo wenye neno "kwassa" kwenye kichwa chake, wenye gitaa linalojaribu kufanya hayo niliyoyaeleza, halafu anaandika kwamba una "midundo ya Kiafrika". Wapenzi wa fasihi mtanielewa haraka. Ni sawa na mtu ahakiki utenzi aseme una "mapigo ya Kiafrika", asitaje mizani minane, asitaje kina cha bahari, asiulize umetungwa Pate au Tanga. Mtu huyo tungemcheka. Tungesema hajui anachokihakiki. Kwa nini tunamheshimu akiwa anaandika kuhusu gitaa?

Na washitaki wa wizi nao wana kosa hilo hilo, tena wao linawaumbua zaidi, kwa sababu walidai wanamtetea aliyeibiwa. Mwizi anaposhitakiwa, swali la kwanza polisini ni: mali ya nani? Katika kesi hii mali ilikuwa ya "Afrika". Mlalamikaji bara zima! Kwa hiyo hakuna aliyeitwa kutoa ushahidi, hakuna aliyepigiwa simu, na kesi ikaendeshwa kati ya Wamarekani na Wamarekani. Wamarekani weupe waliosoma wakiwatuhumu Wamarekani waliosoma kwamba wamesoma sana. Waliitwa bendi nyeupe kuliko zote, huku prodyuza wao, Batmanglij, ni mtoto wa wahamiaji wa Kiirani. Likaja suala la nguo za shule za kitajiri, la picha ya jalada yenye taa ya kifahari ya darini, la wimbo kuhusu mkato wa Oxford. (Wimbo kuhusu alama ya mkato, kwa kweli, ungepaswa kuwafurahisha watu wa aina yetu. Lakini tuuache.) Yote hayo ni mazungumzo ya kitabaka, na tabaka ni jambo la maana, sikatai. Ila ukiyasoma yote kutoka mwanzo hadi mwisho hutajua kama Koenig anapiga gitaa vizuri au vibaya.

Mimi nitasema. Anapiga vizuri kwa mtu aliyejifunza kwa kusikiliza sahani. Kifungu chake kwenye "Cape Cod Kwassa Kwassa" ni kitamu, kina mwanga, kinakaa kichwani. Ngoma za mikono ziko mahali pake. Lakini wimbo unatembea pale ambapo kwasa kwasa inakimbia. Gitaa limebaki peke yake. Hakuna wa kulijibu, na sebene bila majibizano ni kama taarab bila kutunza. Kila nikiusikiliza nasubiri mlango ufunguliwe, ile sekunde ambapo mwimbaji ananyamaza na magitaa yanachukua nyumba, na mlango haufunguki. Dakika tatu na nusu zinaisha tukiwa bado sebuleni. Tena maneno yake, kwa anayeyafuatilia, yanaonyesha kwamba Koenig anajua anachokifanya: ni kijana na msichana wa familia za kitajiri, wamezungukwa na majina ya bidhaa za bei mbaya na vitu vya rangi rangi kutoka nchi za watu, muziki ukiwemo. Anajicheka. Kwa hiyo ukiniuliza, ni wimbo mzuri wa pop na ni kwasa kwasa dhaifu. Sentensi kama hiyo ingewezekana kuandikwa mwaka 2008. Ilihitaji tu mtu anayejua kwasa kwasa nzuri inasikikaje, na watu hao walikuwa mamilioni, isipokuwa hawakuwa wakiandikia majarida ya New York.

Kuna wenzangu watasema hapa naipunguzia bendi adhabu, kwamba nawaambia watu wa Kinshasa wasamehe. Hapana. Nakataa tu kuita kukopa "wizi", kwa sababu nikianza kufanya hivyo muziki wetu wote utakwenda jela. Tangu mwaka 1933 kampuni ya HMV ilileta Afrika sahani za muziki wa Kikuba, zile za herufi G.V., na vijana wa mji uliokuwa ukiitwa Léopoldville wakazisikiliza mpaka wakazipiga wenyewe, wakaimba hata maneno ya Kihispania wasiyoyajua maana. Ndiko rumba yao ilikopata sehemu kubwa ya sura yake, na yenyewe ya Kuba ilikuwa imetoka Afrika na watumwa. Mwenda wa Bayeke, Jean Bosco, yule wa Katanga aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akiimba kwa Kiswahili, alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na wapiga gitaa wa Kenya wakayachungulia mapigo yake ya vidole. Dar es Salaam iliwapokea Maquis kutoka Zaire, na muziki wa dansi haukubaki vile ulivyokuwa. Nani alimshitaki nani? Hata sheria ya hakimiliki hailindi mtindo. Inalinda wimbo uliotungwa. Huwezi kumiliki namna ya kucharaza.

Ila angalia tofauti. Waliokopa huku kwetu walijua wamemkopa nani. Muulize mpiga solo yeyote mzee wa Dar gitaa lake limetoka wapi, atakutajia Dr. Nico, atakutajia Franco, atakutajia watu ambao wewe hujawahi kuwasikia, na atakupigia hapo hapo jinsi kila mmoja alivyokuwa akikigeuza kifungu. Deni lina jina. Deni lenye jina ni heshima. Lile la Upper West Side lilisajiliwa kwa jina la mtaa mbovu, na washitaki wakaliacha hivyo hivyo.

Kuna jambo jingine kwenye wimbo huo ambalo limenikaa rohoni kwa muda mrefu. Unataja jina la Peter Gabriel. Wahakiki walilichukua kama kichekesho: mzungu wa makamo anayependa muziki wa dunia, basi vijana wanajitania kwamba nao wako njiani kuwa hivyo. Gabriel mwenyewe akaingia kwenye mzaha, akaurekodi wimbo huo pamoja na Hot Chip mwaka huo huo wa 2008. Wote wakacheka. Sisi huku jina la Peter Gabriel lina maana nyingine kabisa. Kampuni yake, Real World, ndiyo iliyotoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala mwaka 1989, na Mambo mwaka 1992. Remmy, mzaliwa wa Kindu, aliyekuja Dar mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, kisha akaiongoza Super Matimila, akaimba kwa Kiswahili kuhusu maskini na kifo kwa namna ambayo mpaka leo watu wa daladala wanaikumbuka. Yaani ndani ya wimbo huo huo, kwa jina moja tu, kulikuwa na kamba inayofika mpaka Sinza. Mwandishi yeyote aliyeivuta angemkuta Mkongo mwenye rasta akiimba kwa lugha yetu. Mwaka 2008 Remmy alikuwa bado hai, yuko Dar, ameokoka na ameacha muziki wa dansi, anaimba nyimbo za Injili. Alifariki Desemba 2010. Ilikuwa nafasi ya ajabu kwa mwandishi wa New York kumpata mtu aliyeyaona mambo haya kutoka ndani, mtu aliyepanda majukwaa ya WOMAD na kujua mwenyewe ina maana gani kuchukuliwa na wazungu wanaokupenda. Sijawahi kuona tahakiki ya Vampire Weekend inayomtaja.

Wanaosema "angalau wametutangaza" ndio wanaonichosha zaidi. Wametutangaza sisi nani? Mtangazaji hutaja bidhaa. Aliyependa albamu ile na kutaka zaidi alielekezwa Graceland, duka moja lile lile, na ndani ya Graceland hakuna Kanda wala Diblo. Msikilizaji wa Ohio aliyefurahia gitaa lile alikuwa hatua moja tu kutoka kwa Amour Fou, na hakuna aliyemwonyesha mlango. Hii ndiyo hasara halisi ya ubishi ule. Gitaa lingali Kinshasa na Paris, hakuna aliyelihamisha. Kilichopotea ni fursa ya wapiga gitaa waliokuwa wakikaribia uzee kusikilizwa kama mabingwa wa fani, wakiwa bado hai na wanapumua.

Na tusijifanye kwamba ni dhambi ya New York peke yake. Naandika kwenye magazeti kwa zaidi ya miaka kumi sasa, na najua jinsi tunavyofanya. Mpiga solo wa bendi zetu za dansi anapata ukurasa akiwa amelala Muhimbili anachangiwa pesa za matibabu, au akiwa ameshazikwa. Na hata hapo tunaandika "mwanamuziki mkongwe", tunamtaja mwimbaji aliyekuwa mbele, tunamaliza. Mhariri mmoja aliwahi kunirudishia makala kuhusu wapiga gitaa la ridhimu, watu wawili ambao bado wanapiga wikiendi kwenye baa za Dar, akaniuliza "habari" iko wapi. Wiki iliyofuata akanitumia kiungo cha jarida la nje lililoandika juu ya gitaa la "Afro-indi" la bendi fulani ya Marekani, akasema hiyo ndiyo aina ya kitu anachokitaka. Nikamjibu kwamba gitaa hilo ndilo lile lile. Akasema ndiyo, lakini hii ina mvuto.

Vijana wetu wanaoandika uhakiki sasa wameurithi ugomvi wa watu kwa msamiati wa watu. Wanajua vizuri kusema nani ana haki ya kugusa nini. Wana hasira inayostahili, na wanaandika kwa ufasaha kuliko kizazi changu. Lakini muulize mmoja wao solo la Diblo linatofautianaje na la Dally Kimoko, au kwa nini gitaa la benga linaruka vile na la Kikongo linateleza, atakwambia hilo ni suala la kiufundi. Hilo si la kiufundi. Hilo ndilo suala lenyewe. Ukishindwa kusema kilichochukuliwa ni kipi, utasemaje kimechukuliwa?

Mtu mmoja aliyeingia katika ugomvi huu bila kubishana ni Esau Mwamwaya wa Malawi, aliyekuwa akiishi London. Mwaka huo huo wa 2008, yeye na maprodyuza wawili waliojiita Radioclit walitoa bure mkusanyiko wa nyimbo zao, na mmoja wapo ulikuwa "Cape Cod Kwassa Kwassa" ya Vampire Weekend. Esau alichukua wimbo kama ulivyo, akaimba juu yake kwa lugha ya kwao. Hakuandika makala. Alifanya kile walichofanya vijana wa Léopoldville na sahani za G.V.: alisikia kitu kizuri, akakiingilia. Mwaka uliofuata kundi lao, The Very Best, likatoa albamu ya Warm Heart of Africa, na kwenye wimbo uliobeba jina la albamu aliyealikwa kuimba alikuwa Ezra Koenig. Safari hii mgeni alikuwa yeye. Nimeusikiliza tena wiki hii. Koenig anaimba vizuri. Esau anaimba vizuri zaidi.